Miaka Kumi na Tisa Nilichoma Nyama kwa Masikio

Mama Mueni wangu,

Huko uliko natumaini hakuna anayekusumbua kwa maswali. Mimi niko na moja tu, na sitazunguka: nakuandikia kwa sababu nakushuku.

Usishtuke, unanijua. Nikinunua makaa, namwaga gunia lote chini nione kama katikati wamejaza vumbi na mawe. Nikienda bucha, sigusi mbuzi aliyekatwa mkia, maana bila mkia nitajuaje kama ni mbuzi? Geti nalifunga, narudi kulisukuma, halafu namtuma Mueni akalisukume tena. Katika Kitengela yote, mtu ambaye sikuwahi kumshuku ni wewe peke yako. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Jambo lenyewe ni ile siri yetu ya choma.

Unakumbuka ilivyoanza. Ilikuwa Krismasi ya kwanza katika nyumba hii, hata geti hatujaweka. Ndugu zangu walikuja kutoka Machakos, nami nikawaambia wakae, mwenye nyumba atachoma mwenyewe. Mguu wa mbuzi ukawa mweusi nje, na ndani unatoa damu. Wewe, binti wa mwenye bucha, ulitoka jikoni ukasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Baba Mueni, leta hiyo nikatekate." Ukaenda kuumalizia kwa sufuria, na hakuna aliyejua. Wageni walipoondoka, uliniambia, "Ukitaka kusimama hapo mbele ya watu, simama. Mimi nitakuwa dirishani. Nikigonga sufuria na mwiko mara moja, geuza. Nikigonga mbili, toa." Ungeweza kunicheka na hukunicheka. Nilikupenda sana siku ile, na sidhani nilikuambia.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ilikwenda miaka kumi na tisa. Watu walitoka hata Kajiado mjini kuja kula choma yangu. Nilisimama pale na kisu changu, nikijifanya naongea na nyama, kumbe natega sikio dirishani. Baada ya kula walinisifu mimi, na wewe ukanisifu pamoja nao huku ukikusanya sahani. Nilichoma kwa masikio, Mama Mueni. Macho yangu hayakujifunza kitu.

Sasa sikia shaka yangu ilipoanzia. Krismasi iliyopita ulikuwa huwezi hata kusimama. Nilichoma nikiwa na hofu, nikijua safari hii nitaumbuka, lakini sufuria ikagongwa kama kawaida. Mara moja, nikageuza. Mara mbili, nikatoa. Nilipoingia chumbani nilikukuta umelala, shuka hadi kidevuni. Nikakuuliza, "Umeamka saa ngapi?" Ukasema, "Nilijikaza." Sikuuliza zaidi. Lakini miguu yako niliishika kuifunika, na ilikuwa ya moto, si miguu ya mtu aliyetoka kukanyaga simenti.

Ulipotuacha, nilifunika jiko la choma kwa gunia nikaliweka nyuma ya tangi. Nilidhani nimemalizana nalo. Halafu juzi Mueni akaja na habari kwamba wazazi wa kijana wake wanakuja kutuona, kutoka Rombo ya huku Kajiado. Wamaasai, Mama Mueni! Watu waliozaliwa wakijua nyama.

"Na wamesikia choma yako, Baba," akasema.

"Wamesikia kwa nani?"

"Si kwa watu tu."

Akaniangalia, na mimi sikupenda vile aliniangalia. Nikajiuliza huyu mtoto anajua nini. Ningekubali kuitwa mnyimi au mkali, lakini kuitwa mwongo na mtoto wangu, mbele ya wakwe, nikiwa sina hata wewe wa kuniokoa, hapana.

Mficha uchi hazai, lakini mimi niliendelea kuficha. Wiki tatu nilijifunza peke yangu, Jumanne na Alhamisi, Mueni akiwa kazini. Mbavu za kwanza niliziweka moto ukiwa bado unawaka, mafuta yakadondoka, moto ukapanda hadi nikaruka nyuma. Za pili nilizidunga uma kila dakika kuona kama zimeiva, zikakauka zikawa kama kandambili. Mbwa wa jirani alizoea, akawa anakuja kukaa kwa ua hata kabla sijawasha.

Ndipo maneno yako yalianza kunirudia, yale uliyokuwa ukisema dirishani nami nadhani unajisemea tu. "Ngoja makaa yavae jivu." "Usiidunge, unaitoa maji." "Ikishika wavu, iache, bado. Ikijiachilia yenyewe, geuza." Ulikuwa ukinifundisha miaka yote hiyo! Nilisimama pale nyuma ya tangi na koleo mkononi, nikalia, na mbwa akiniangalia.

Lakini kuna mtu alikuwa akijua mambo yangu. Nililikuta gunia la jiko limekunjwa, na mimi sikunji magunia. Siku nyingine nilikuta chumvi ya mawe kwa dirisha la jikoni. Mueni naye akirudi ananusa hewa: "Baba, unanuka moshi."

"Ni jirani anachoma takataka."

"Takataka ya mbuzi?"

Mbuzi wa wageni nilienda kumtafuta sokoni Bisil. Nilimminya tumbo kuona kama amelishwa chumvi akanywa maji aonekane mnono. Mwenye mbuzi akacheka, akanisalimu kwa Kimaasai. "Sopa, mzee. Hiyo mbuzi yangu haijui uongo." Nilimwitikia "Epa", nikaendelea kuminya. Siku ya wageni jamaa wa bucha alikuja kuchinja nyumbani, nami nikasimama karibu asije akaondoka na figo.

Wakafika. Baba ya kijana ni mzee mrefu, wa maneno machache. Alipewa kiti sebuleni, akakibeba mwenyewe hadi nje, akakiweka kuelekea jiko langu. Alikuwa anaangalia mikono yangu! Nikangoja makaa yavae jivu. Nikaweka mbavu.

"Bado?" akauliza.

"Bado. Nyama haina haraka, mzee."

Yalikuwa maneno yako. Nikasikiliza dirishani kwa mazoea, nikajikuta nasikiliza kimya, na moyo ukaniuma vibaya. Halafu nikaangalia wavu. Ubavu ulikuwa umejiachilia. Nikaugeuza. Rangi yake, Mama Mueni, ungeiona! Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijua mwenyewe.

Ndipo sufuria ikagongwa. Mara moja.

Ulikuwa ni ule mlio laini wa Krismasi iliyopita, nikautambua. Mueni alikuwa dirishani amenipa mgongo, mwiko mkononi, anajifanya anasonga ugali. Basi ulimfundisha. Ulilala pale ukijua unakwenda, ukamfundisha mtoto kunigongea sufuria, na mimi hukuniambia. Nilikasirika kwa muda wa pumzi moja hivi. Halafu nikachukua koleo, nikaugeuza ubavu ule tena, kurudi upande uliokwisha kuiva, ili asikie ninageuza.

Mezani mzee alitafuna polepole, akaushika ubavu akauangalia pande zote mbili. "Hii nyama ni nzuri," akasema. "Lakini hii iligeuzwa, ikarudishwa. Kwa nini?"

Mueni aliniangalia, mwiko ungali mkononi.

"Ni moshi, mzee," nikasema. "Uliniingia kwa macho."

Mzee akatikisa kichwa, akachukua ubavu mwingine. Wamekubaliana na mambo ya watoto, usijali. Kabla ya mwaka kwisha binti yetu atakuwa wa Rombo.

Basi hilo ndilo swali langu: ulimwambia lini, na ulimwambia nini? Lakini ukiona njia ya kunijibu, nijibu mimi tu. Mueni sijamuuliza na sitamuuliza. Hadi siku atakayotoka hapa nitakuwa nachoma kila Jumapili, na akijua ninajua, ataacha kugonga.

Pumzika vizuri, Mama Mueni. Geti nimefunga, nimelisukuma mara mbili.

Ni mimi mume wako,
Baba Mueni