Amina Isiyoshuka

Jumamosi, baada ya harusi

Kwaya ya wababa haijui kuimba, na mimi ndiye mwalimu wao. Hilo nilishalikubali. Mzee Mwakio, aliyestaafu kazi ya reli, ana sauti moja tu, haipandi wala haishuki. Na leo tulikuwa tunamwimbia binti yake, Wakesho, mbele ya wakwe waliotoka Mwanda.

Nimwambie mzee asiimbe kwa harusi ya mwanawe? Hapana. Nikatafuta wimbo mwepesi kabisa, ambao besi, wale wa sauti nzito kama mzee, wanakaa kwa sauti moja kama watu wanaongoja treni. Ni ile Amina ya mwisho tu inayoshuka kidogo. Tumeirudia wiki nzima mpaka nikaichukia.

Kanisani walienda vizuri, nikaanza kupumua. Tulipofika kwa Amina nikashusha mkono. Mzee Mwakio hakushuka. Alikuwa anamtazama Wakesho. Sidhani hata aliuona mkono wangu.

Walioniudhi ni wale wengine. Kushuka wanajua, jana wameshuka vizuri nikiwasikia. Leo besi wote walibaki palepale na mzee, Amina ikasikika vibaya, na wakwe wakatazamana.

Huko nje nikamshika Mwadime, anayesimama karibu naye kwa kwaya. "Mbona hamkushuka?"

"Sasa mwalimu, tushuke tumwache mzee peke yake?"

Nimerudi nyumbani, nikatoa karatasi ya wimbo, nikafuta ile noti ya mwisho ya besi, nikaandika ileile inayoitangulia. Besi hawashuki.