Mama, Somo la Mwavuli Halifutwi

Mama,

Mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ulipotutoka. Waliokuja kutupa pole walisema umepumzika. Wewe na kupumzika hamkuwahi kupatana.

Miaka ishirini na saba ulishona mashuka ya hospitali, kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya sehemu ya kufulia. Ulikuwa ukisema mtu anayeumwa hastahili kulalia kiraka kinachomkwaruza. Kisha kiharusi kikauchukua mkono wako wa kulia, ukarudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Daktari akasema kazi za mikono sasa basi. Ukamjibu, "Daktari, umepima mkono. Mimi hujanipima."

Mkweo, mke wangu, ndiye aliyekuonyesha kwenye simu video ya lesi inayofumwa kwa sindano ndefu: mafundo yanapangwa juu ya sindano, kisha yote yanateleza kwenye uzi na kuvutwa yawe pete. Mwalimu alizungumza lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa. "Mdomo wake wa nini?" ulisema. "Mimi nasikiliza vidole." Tatizo ni kwamba alizungusha uzi kwa mkono wa kulia, nawe ulibaki na wa kushoto. Ukaisimamisha simu mbele ya kioo cha kabati, ukamfuata mwalimu humo kiooni, kulia kukawa kushoto. Mkono mgonjwa ukapewa kazi moja tu: kushika sindano iliyoviringishiwa sponji, na kutulia. Ulifuma ukifumua, ukafumua tena. Mwezi wa nne pete ya kwanza ikajifunga, ukapiga vigelegele, na majirani wakaja mbio kuuliza kuna nini.

Ndipo ukaanza kufundisha. Mkweo alirekodi, wewe ukaonyesha mikono tu, uso hapana. Siku moja mtu akaandika chini ya video: "Bibi, mikono inatetemeka, nenda ukalale."

Mimi mwanao mkubwa, ninayeandika haya kwa niaba ya wenzangu, niliona aibu. Nilizificha sindano zako. Nakiri mbele ya wote wanaosoma.

"Mama, tunachekwa," nilikuambia.

"Waache wacheke. Wakimaliza, washike uzi."

Hukunigombeza. Ulichukua mwavuli wangu mpya, ukang'oa waya mmoja wenye tundu nchani, ukausugua kwenye kinoo mpaka ukawa laini. Kesho yake video ikatoka: "Hamjambo wanafunzi. Mkono huu unatetemeka, mmeuona, sasa tuendelee. Leo tunatumia mwavuli wa mwanangu."

Somo hilo ndilo lililotazamwa kuliko yote. Watu ambao madukani kwao hakuna sindano za lesi walikuandikia kukushukuru. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma, aliyepoteza vidole viwili kazini, alituma picha ya kola aliyomfumia mkewe. Nilikurudishia sindano zako bila kukutazama usoni. Ukasema, "Kaa hapa, ushike uzi." Nikakaa.

Kiharusi cha pili hakikukupa nafasi. Wiki ileile kaka yako alituita sebuleni akataka tufute video zote, kwamba si vizuri sauti ya marehemu kuzurura kwenye simu za watu. Tulimsikiliza Mjomba kwa heshima zote, na tukakataa. Leo tunakataa tena, kwa maandishi.

Somo la arobaini na moja uliliacha katikati. Tumelimalizia, mimi nikifuma, mke wangu akirekodi. Pete yangu imekaa upande kama kofia ya mlevi. Tumeitoa hivyohivyo. Aliyeandika kwamba mtoto hamfikii mama yake hata robo alijibiwa na wanafunzi wako siku tatu mfululizo, hadi akaomba afundishwe na yeye.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anakuita akitafuta miwani yake. Na sisi wanao watatu. Na wakwe zako, na wajukuu. Na Mjomba, ambaye siku hizi anatazama masomo yako kimyakimya akidhani hatujui. Na wanafunzi wako, wengi wao hatutawaona kamwe.

Kukusahau? Hatuwezi, Mama. Na hata tungeweza, tusingekubali.