Lita Moja, Kilomita Sita

Bibie, na wewe mwanangu,

Sikuwa na fundi, sikuwa na faneli ya kumiminia petroli, na miwani ya kusomea sikuiona. Nilikuwa na daftari, penseli na gari langu la silinda nane, basi.

Mwanangu, jana uliniambia, "Mzee, hili dude linabugia lita nzima kwa kilomita tatu! Tumuuzie yule mnunuzi." Leo alfajiri nilijaza tangi hadi shingoni, nikaenda kilomita thelathini, nikajaza tena. Lita kumi! Ulisema kweli, na iliniuma.

Mara nikaona kifundo cha choki, kile kinachoongeza petroli injini ikiwa baridi, kimevutika nje. Mkoba wa mama yako ulikuwa unaning'inia hapo! Nikautoa, nikarudia njia ileile. Lita tano.

~~Bibie, ni marufuku kutundika mkoba garini.~~ Bibie, nimekufungia kulabu upande wako.

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma ufungeni, kitasa kinateleza.

Barua ya kumkatalia mnunuzi nimeitia kwenye bahasha na kuibana kwa gundi. Naipeleka posta sasa hivi. Kwa gari.

Baba wa nyumba hii