Jina Nililompa Mwalimu wa Kwenye Skrini

Jumapili, jioni. Mvua iliyotutishia tangu asubuhi imepita kwingine, huku Kyebando tumeambulia upepo na vumbi tu. Sina sauti. Hata kidogo. Mama ameniuliza kama nataka chai ya tangawizi, nikamjibu kwa mikono, akacheka mpaka akashika ukuta. Basi ninaandika, maana nikikaa na mambo haya tumboni mpaka kesho nitapasuka.

Leo tumemaliza tamthilia!

Kama umeangukia kwenye blogu hii kwa bahati mbaya, nikueleze. Siku za kazi mimi ni Zena wa mashuka, soko la Kikuubo. Wateja wangu wengi ni Wakongo na watu wa Sudan Kusini wanaonunua kwa jumla, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Mimi nimezaliwa nacho. Baba alikuwa polisi, tukakulia kambini, na kambini ukitaka chumvi kwa jirani unaiomba kwa Kiswahili. Sauti nayo nimepewa na Mungu. Nikiita mteja, anageuka hata yule aliyekuwa anakwenda zake kununua sabuni.

Sauti hiyo ndiyo iliyomleta Afande Draku. Ni askari jela mstaafu, ana kibanda cha video kule Port Bell, bandarini. Alikuja kununua mashuka, akasimama akinisikiliza nikimsifia mteja shuka la maua, halafu akasema, "Wewe dada, hii mdomo yako yote unamaliza kwa mashuka tu?"

Akanipa kazi ya Jumapili. VJ!

Kwetu Kampala filamu ya kigeni haitazamwi kimyakimya. VJ anakaa kando ya skrini na maiki, anapunguza sauti ya waigizaji, anawasemea yeye. Analia wanapolia, anawakemea wakikosea, anaongeza chumvi zake. Karibu wote ni wanaume, na karibu wote wanatumia Kiganda. Afande alitaka wa Kiswahili, kwa sababu watazamaji wake ni familia za askari magereza, wapagazi wa bandarini na Wakongo wanaosubiri meli. Nilikubali kabla hajamaliza kuniuliza.

Tamthilia yenyewe ni ya Kikorea. Mwalimu mmoja mwenye matatizo anapeleka darasa lake kisiwani kwa ziara ya shule. Anakunywa kwa siri, chupa anaificha kwenye begi la dawa za huduma ya kwanza. Safari ya kurudi anawapandisha watoto kwenye meli akiwa amelewa, na msichana mmoja anasahauliwa kisiwani. Kisha dhoruba inakuja, meli zinasimamishwa. Nilipoitazama peke yangu nyumbani ili kujiandaa nililia kama mjinga. Nikamwambia Mama, hii nikiiharibu nirudishe maiki niendelee na mashuka.

Sasa, kazi ya kwanza ya VJ ni kugawa majina. Mtu wa Port Bell hawezi kukaa Jumapili nyingi anafuatilia majina ya Kikorea. Unampa kila mtu jina la hapa, jina la kushikika. Msichana nilimwita Kadogo. Mwalimu nikafikiri, hawa watu wengi asili yao ni kaskazini, nimpe jina la kwao wamwone ni wao. Nilikokulia, ukiita Opio dirishani walikuwa wanageuka watatu.

Nikamwita Mwalimu Opio.

Kibanda kilimpokea kwa vicheko na vigelegele. Nikajua nimepatia. Kila Jumapili watu waliongezeka, mabenchi yakajaa, wengine wakasimama mlangoni. Walikuwa wanabishana na skrini. "Hiyo ni meli hiyo? Haiwezi kubeba hata behewa moja!" alipiga kelele mpagazi mmoja, na kibanda kizima kikakubaliana naye, maana wao meli wanazozijua zinameza mabehewa ya treni. Jumapili iliyopita Kadogo aliposahauliwa kisiwani, Mama Brenda, mke wa askari magereza anayekaa benchi la mbele kabisa, alisimama akamnyooshea mwalimu kidole pale kwenye skrini. "Opio! Opio! Geuka nyuma, wewe!"

Nilirudi nyumbani juu ya boda nikiimba. Nilidhani wanamwita mtu wangu.

Jumanne, kibandani kwangu Kikuubo, alisimama mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, viatu vina vumbi la mbali. Nikaanza kumsifia mashuka. Akaningoja nimalize.

"Dada, mimi si mteja," akasema. "Mimi ni Mwalimu Opio."

Nilicheka! Nilidhani ni shabiki anayetania. Halafu nikamtazama usoni, kicheko kikanikauka.

Anafundisha shule ya msingi iliyo karibu na kibanda cha Afande. Mimi Port Bell naenda Jumapili tu, nashuka kwenye boda naingia kibandani, natoka kibandani napanda boda. Ningemjuaje? Lakini wao wanamjua. Brenda, binti wa Mama Brenda, yuko darasani kwake. Watoto wameanza kumpigia kelele njiani: "Mwalimu, umemsahau Kadogo!" Hilo, aliniambia, angelivumilia, watoto ni watoto. Shida ni kwamba Jumamosi ya wiki inayoanza kesho anapeleka darasa lake Jinja kuona Nile inapoanzia. Ziara ya shule. Watoto wale wamekulia kando ya ziwa na wengi wao hawajawahi kuona maji hayo yanakokwenda. Amehangaikia safari hiyo tangu muhula uanze. Na tangu Jumapili, wazazi wanakuja mmoja mmoja kuwatoa watoto wao. Mwalimu mkuu amemwambia wakibaki wachache safari imekufa.

Nikamwambia, lakini ni jina tu, Mwalimu, kila mtu anajua ni filamu.

Akashika ncha ya shuka kama anayepima ubora wake. "Mke wa nyumba yangu alipokufa, mimi nilikunywa," akasema. "Nilikunywa kabisa kabisa. Hao wazazi ndio walikuwa wananiokota barabarani. Nikaacha, nikarudi darasani, watu wakaanza kusahau. Sasa kila Jumapili wewe unawakumbusha na maiki."

Hakuniambia kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningejua la kujibu, mimi ni mtu wa Kikuubo. Nilibaki nimeshika mto usio na foronya. Nilimwomba msamaha, nikamwomba aje Jumapili nimtangaze mbele ya watu kwamba yeye siye. Akasema hawezi kuingia mle ndani. Akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Nikampigia Afande nibadilishe jina. Afande alikataa. "Sehemu ya mwisho? Watu watasema Opio amekwenda wapi. Watavunja benchi zangu." Ni kweli, wangezivunja.

Basi leo nilikwenda Port Bell na hotuba kichwani. Niliirudia njia nzima, dereva wa boda akadhani namsemesha yeye. Kibanda kilikuwa kimejaa mpaka nje, wengine wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Nikashika maiki, nikasema, jamani, kabla hatujaanza, ninalo neno kuhusu jina la mwalimu.

"Weka filamu!"

Nikajaribu tena.

"VJ, hubiri ilikuwa asubuhi kanisani! Weka filamu!" Huyo alikuwa Mama Brenda, na akishasema yeye imekwisha.

Nikaweka filamu.

Na jinsi ilivyokuwa nzuri! Nisamehe kwa kujisifu, lakini nilikuwa nimewaka. Mwalimu anataka kukodi mtumbwi wa injini, mvuvi anamkatalia, anapiga magoti kwenye matope. Nililia kwa sauti yake, nikamkemea mvuvi kwa Kikongo kidogo, kibanda kikalipuka. Mwalimu anafika kisiwani, anaita Kadogo, Kadogo, na watu wote wakaanza kuita pamoja nami, mabati yanatetemeka. Anamkuta amejikunja ndani ya kibanda cha wavuvi, mzima. Mpagazi wa mabehewa alikuwa anajifuta macho kwa kofia.

Hapo ndipo nilipomwona. Mwalimu Opio, yule wa kweli, amesimama mlangoni nyuma kabisa, shati limepigwa pasi. Alikuja! Sijui tangu saa ngapi alikuwa pale.

Ikabaki sehemu moja tu. Kwenye skrini mwalimu anarudi bandarini na mtoto mgongoni, wazazi wa darasa zima wanamsubiri. Anamshusha Kadogo, anasimama mbele yao, anatakiwa kusema. Waandishi wa tamthilia wamemwachia muda mrefu sana hapo. Anafungua mdomo, anafunga. Nilikuwa nimemwandalia maneno, mazuri tu, ya kuliza. Nikaona si yangu kuyasema.

Nikanyamaza.

VJ hanyamazi. Ukinyamaza watu wanadhani umeme umekatika. "VJ! Umelala?" wakaanza. Nikainuka na maiki, nikaelekea nyuma, waya ukanivuta nikiwa katikati ya mabenchi. Haukufika. Nikabaki nimeinyoosha maiki kuelekea mlangoni, na watu wote wakageuka kuona ninampa nani.

Nilidhani ataondoka. Kwa kweli nilidhani nimemmaliza mara ya pili.

Akaja. Alipita kati ya magoti ya watu akisema samahani, samahani, akachukua maiki, akaenda kusimama kando ya skrini. Pale juu mwalimu wa Kikorea bado anameza mate. Afande akaisimamisha picha, Mungu amjalie, bila kuambiwa.

"Wazazi," akasema. "Mimi ni Opio. Huyu alikunywa akasahau mtoto. Mimi nilikunywa, sikusahau mtoto, lakini nilijisahau mimi. Mnajua. Wengine yenu mlinibeba mpaka nyumbani. Sijawahi kusema asante, kwa sababu nilikuwa naona haya. Asante. Pombe niliacha. Jumamosi nataka kupeleka watoto yenu Jinja waone Nile. Mzazi mwenye kuogopa, sikatai. Aje na sisi. Kiti iko."

Akanirudishia maiki.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia injini ya meli kule bandarini. Nilitamani ardhi ipasuke, nikajilaumu, nikajisemea Zena umemvua mtu nguo mbele ya mtaa mzima.

Halafu Mama Brenda akasimama. Taratibu, maana ni mwanamke mzito na benchi ni fupi.

"Mwalimu," akasema. "Mimi naogopa. Sitadanganya."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hivyo mimi nakuja. Na Brenda anakuja. Na nitakaa kiti ya mbele, nikuangalie."

"Karibu sana, mama."

"Na mayai nitachemsha ya basi mzima."

Hapo ndipo kibanda kilipopasuka! Makofi, vigelegele, watu wanapiga mabati kwa ngumi, Afande anapiga kelele wasimvunjie ukuta. Baba mmoja akasema mtoto wake pia arudishwe safarini, mwingine akadakia, mwanamke mmoja nyuma akauliza kama kiti bado iko. Mwalimu Opio alikuwa anawajibu wote kwa kichwa tu, midomo imebana, machozi yanamshuka na hayafuti. Mimi nilikuwa nalia na maiki iko wazi, kwa hiyo Port Bell yote imenisikia nikivuta makamasi. Sijali.

Tulimalizia dakika zilizobaki. Sikumsemea mwalimu neno hata moja pale bandarini. Aliinamisha kichwa mbele ya wazazi wake wa Kikorea, na hakuna mtu aliyeuliza VJ amelala.

Afande anataka tuanze tamthilia nyingine. Ya daktari, anasema. Nimemwambia kwa ishara, maana sauti ilikuwa imeshakwenda, kwamba safari hii kabla ya kugawa majina nitazunguka kwanza mtaa mzima nikiulizia. Akacheka, akasema basi tutaanza Krismasi.

Nilipokuwa nawasha taa ya simu nitafute viatu nilivyovua wakati wa filamu, Mwalimu Opio alinisogelea. Nilijaribu kuomba msamaha tena, nikatoa mlio kama wa bawaba kavu. Akatabasamu, mara ya kwanza nione meno yake. "Dada Zena," akasema, "watoto wanauliza kama wewe pia utakuja. Wanataka Nile iwe na VJ."

Nimemwambia Mama. Yaani nimemwandikia kwenye karatasi ya kufungia mashuka. Ameisoma, akaenda jikoni, akarudi na asali aliyoificha tangu Idi.

Jumamosi Kikuubo watanikosa. Nitakuwa kwenye basi la Jinja, karibu na Mama Brenda na mayai yake, na nikifika Nile nitaisemea mpaka iaibike. Lakini kabla basi halijaondoka nitapita kiti kwa kiti nikimwuliza kila mtoto anaitwa nani, na hilo atakaloniambia ndilo nitakalomwita siku nzima.