Dozi ya Mtu Mmoja

Galbet, Garissa
20 Februari 1997

Mpendwa Nasteho, mtoto wa dada yangu,

Asalaam aleykum. U mzima? Baridi ya Uswidi imekuachia masikio? Huku mke wangu Timiro hajambo, mbuzi hawajambo. Mgonjwa ni tumbo langu tu. Ramadhani nzima limeniwaka. Mganga wetu, Mzee Abdow, amenichoma chuma cha moto mara tatu juu ya kitovu, sasa nina chapa nyingi kuliko ngamia wa Kotile. Wanafunzi wangu wanasema mwalimu ametiwa alama asipotee.

Watu huniuliza unasomea nini. Nasema: protini za ngozi ya ndani ya tumbo. Warfa wa bucha akacheka: "Ulaya yote hiyo kwa matumbo? Si angekuja kwangu?" Nipe jibu la kumpa, tena kwa Kiswahili nilichokufundisha darasa la sita.

Abti yako,
Sakariye

Lund, Uswidi
30 Machi 1997

Abti mpendwa, mjomba wangu,

Aleykum salaam. Masikio yapo. Mwambie Warfa hivi: tumboni mna asidi ya kuyeyusha nyama. Tumbo halijiyeyushi kwa sababu limepakwa ute, na kwenye ute mna protini ndogo zinazoziba kila mkwaruzo. Kazi yangu ni kuzihesabu. Kwa wazima ni tele, kwa wagonjwa hupungua.

Abti, kuna kijidudu kinachoishi kwenye ute huo miaka na miaka. Chuma cha Abdow hakikifikii. Daktari wa hapa amesoma majibu ya damu uliyopimwa Garissa, aliyonitumia Timiro, akaandika dawa; jirani yangu Bishara atakuletea akija likizo. Ni aina tatu, asubuhi na jioni, siku kumi na nne. Unywe peke yako mpaka ziishe. Nimepiga mstari chini ya *peke yako*.

Mpwa wako,
Nasteho

Galbet, Garissa
2 Juni 1997

Nasteho wangu,

Salaam, na dua za wazee wanne! Bishara alifika Ijumaa, nyumba imejaa watu. Jirani yetu Keinan akauliza, "Mwalimu, hiyo nini?" Nikasema dawa ya tumbo. "Na mimi je? Langu ni la mbao?" Abdow naye akakiri kwamba chuma hakijamsaidia hata yeye. Warfa akanyoosha mkono. Sasa mimi nimezeje, nao wananitazama? Tukagawana. Mimi kama mwenyeji nikachukua siku tano, wao siku tatu tatu. Siku ya pili wote tukala pilipili! Umetibu mtaa mzima, daktari wangu.

Abti yako,
Sakariye

Lund
21 Juni 1997

Abti,

Salaam. Nimesoma barua yako maabarani, nikatoka nje.

Ile si nyama ya kugawa. Dozi nusu haikiui kijidudu. Inakifundisha kuizoea dawa. Hamkupona, mlitulia. Nilimsihi daktari yule wiki tatu, na sasa amekataa kuandika tena kwa mtu asiyemwona. Nenda Nairobi upimwe kwa kamera. Nani alikulazimisha kugawa? Nijibu hilo.

Nasteho

Galbet, Garissa
14 Aprili 1998

Nasteho,

Salaam aleykum. Nisamehe kimya. Kwanza nilijiona nimepona, na mwalimu aliyepona haandiki barua za toba. Maumivu yaliporudi, mafuriko ya Novemba yalikuwa yamekata barabara. Nilifika Nairobi mwezi wa tatu, suruali nimeifunga kwa kamba. Wakanishushia kamera kooni, wakakata kipande. Ni saratani. Zile protini zako, sidhani wangekuta hata ya kuhesabu.

Nilimwuliza daktari kama dawa yako ingeniokoa. Akasema labda uvimbe ulikuwepo tayari, labda haukuwepo. Hiyo labda, mwanangu, inauma kuliko uvimbe.

Uliniuliza nani alinilazimisha. Msikitini wananisifu kwa ukarimu, nami nimewaacha wasifu. Haukuwa ukarimu. Niliogopa Keinan asiniite bahili kwenye chai. Basi. Nimekufundisha ngeli zote, neno "hapana" sikulijua mwenyewe.

Jana Keinan alikuja na maziwa ya ngamia kunijulia hali. Ana afya, amenenepa. Akakaa, akasubiri kikombe chake, kama desturi. Nikayanywa yote mbele yake, mpaka tone la mwisho, sikumwambia karibu.

Yalikaa tumboni dakika tano.

Abti yako,
Sakariye