Kurusha Mpira Ukikimbia

Kwako Dada Verna,

Theluji imeyeyuka huku Nebraska. Daktari amenipa wiki tatu za kuishi, lakini supu bado inapita kooni.

Ijumaa shule niliyokuwa kocha wake wa mpira wa Kimarekani itaupa uwanja jina langu, eti niliwafundisha warushaji wetu wa mpira kulenga huku wakikimbia. Wewe ndiye uliyewafundisha. Ulijifunza utotoni, ukirusha magazeti kwenye baraza za watu, gari la baba likiwa mwendoni. Msimu ule tulipofungwa kila wiki, ulimwita mrushaji wangu, Dwight, uani kwako.

"Wewe bwana, unakimbia huku, unarusha kule, kifua umekisahau wapi? Kigeuze kwanza, mkono utafuata!"

Akakigeuza, na mpira ukatua mikononi mwa mwenzake.

Nililokuficha ni hili. Mwaka 1971 ulipoomba kazi ya kuwa msaidizi wangu, bodi ya shule iliniuliza kama unaujua mpira. Nikajibu, "Dada yangu? Huyo mwulizeni habari za kuoka pai." Wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikakuambia bodi haitaki mwanamke. Ukaenda kufungasha mayai kiwandani miaka thelathini, na kila Krismasi ukanitumia soksi.

Nimewaandikia waweke jina lako. Wamejibu kwamba kibao kimeshachongwa. Basi Ijumaa nitasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye kipaza sauti, niyaseme haya mbele ya wote. Njoo ukae mbele, Dada. Nikianza kuzungukazunguka kwa maneno, nizomee.

Mdogo wako,
Orrin