Mvua ya Kwanza Haiingii Pipani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Baraza la mji limebandika rasimu ya kanuni za maji ya mvua. Nimeisoma nimesimama juani, damu ikichemka. Kipengele cha pili: mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe paa, isikingwe. Cha nne: kuzuia mbu, maji yakingwe kwa tangi lililofungwa, la lita elfu moja au zaidi, mapipa yatachukuliwa. Yatachukuliwa! Nani ana tangi kama hilo hapa Koboko? Madiwani!

Nimemfikiria jirani yangu Sitti. Mguu wake wa kushoto haukunjiki. Ana mfereji wa bati aliouning'iniza mwenyewe chini ya paa, na pipa moja la bluu. Wakilibeba, atarudi kisimani, mlima ule wote, na jerikani.

Alhamisi, 6 Machi

Kurasa tisa za hotuba ya mkutano wa baraza Jumanne! Nimetaja sheria za maji za nchi nne, na Warumi waliokinga mvua majumbani mwao. Nilimsomea Sitti akipepeta mtama. Amefunga, midomo imemkauka. Akauliza kama hao Warumi watakuja mkutanoni. Nikasema walikufa zamani.

"Basi sema juu ya pipa yangu."

Sikupunguza hata mstari.

Jumanne, 11 Machi

Aibu.

Nilianza na kipengele cha pili. Serikali ituchagulie hata mvua ya kunywa! Makofi. Acidri, afisa wa afya aliyeletwa kutoka Arua, aliandika tu, bila kuinua macho. Kalamu ile ilinichoma, nikazidisha sauti. Kwenye ukurasa wa sita mwenyekiti akasema muda wangu umekwisha. Na pipa nilikuwa sijalitaja!

Sitti akasimama.

"Mwalimu anadanganya. Mvua ya kwanza iko mbaya. Watu wamechoma majani kiangazi yote, masizi iko juu ya bati. Mwaka jana Mwalimu alikunywa hiyo maji. Siku tatu tulimsikia chooni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Mwenyekiti alijifunika uso kwa rasimu. Yasiri wa bodaboda akapaza sauti: "Mwalimu, Warumi walikuwa na choo?"

Acidri akaweka kalamu chini. Akamuuliza, mama, wewe unafanyaje? Sitti akaeleza: anageuza mfereji pembeni mpaka maji yatakate, ndipo anaurudisha. Pipa analifunga kwa kitambaa na kamba.

"Mbu anaingia wapi? Kuja uone."

Acidri akaahidi kuja. Kura ya kipengele cha nne imeahirishwa hadi alete ripoti yake.

Nimerudi peke yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Jioni Sitti kaniletea uji wa futari. Akauliza, bado umekasirika? Nikamwambia amenivua nguo mbele ya mji.

"Wewe ulisahau pipa yangu."

Nimekunywa uji, nimetoa kalamu.

Nimeandika upya. Pipa lenye kifuniko, au kitambaa kilichofungwa vizuri, liruhusiwe. Nusu ukurasa. Hakuna Mrumi hata mmoja.

Jumatatu, 17 Machi

Acidri amefika kwa Sitti saa tisa, na futi ya kupimia. Amepokea nusu ukurasa wangu, ameusoma mara mbili, ameutia kwenye faili la ripoti. Amelizunguka pipa, amevuta kamba, amepapasa kitambaa akitafuta tundu. Nikaanza kuhutubia — Sitti kanikanyaga mguu.

Kisha upepo kutoka upande wa Kongo. Vumbi. Tone, tone — mvua! Mvua ya kwanza! Nimekimbilia mlangoni pangu, naandikia hapa, daftari linalowa. Mguu wa Sitti haukuwahi. Ni Acidri aliyeruka kuudaka mfereji na kuugeuza pembeni. Maji yanatoka meusi kama lami. Viatu vyake vimekwisha! Faili kalibana kwapani.

Sasa ni ya kahawia. Sasa kama chai ya maziwa.

"Mama, nirudishe?"

Sitti amekinga kiganja, ameyatazama, ameyamwaga.

"Bado. Shika."

Anashika.